Stoo ni ya Mahindi

Jumatatu, 7 Oktoba

Tumeanza kukata mahindi. Jua kali, hakuna wingu juu ya Cherangany. Nimesema nitaandika mpaka gunia la mwisho liingie stoo. Marehemu mzee wangu, baba Kipngetich, alikuwa anaandika hivi, mvua lini, mbolea lini, nani alikuja na alisema nini. Mtu akibisha, anatoa kitabu. Tangu aende hakuna anayeandika na watu wamezoea kubisha. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za daktari.

Mahindi yamebeba mwaka huu. Nimepita shambani nikiyashika moja moja. Mwanangu Kipngetich ananiambia, "Mama, acha kuyapapasa, hayatoroki." Kijana hajawahi kupoteza kitu, atajuaje.

Edinah, mke wake, anakata laini mbili vibarua wakikata moja. Kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Lakini kuongea! Kwao ni Bumula, Bungoma, na mdomo wa huko l na r zimebadilishana viti. Leo mchana amesimama kando ya sufuria akaita watu, "Njooni kura!" Nikamwambia, "Kura ya nani? Uchaguzi umefika?" Vibarua wakacheka mpaka mmoja akaangusha panga. Edinah akacheka pia, akasema tena polepole, "Kula, Mama. Kula." Anajifunza. Miaka saba sasa, lakini anajifunza.

Jumatano, 9 Oktoba

Kukata. Mgongo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Broka amekuja, yule Kiptum wa suruali ya kubana. Ameuma punje moja, akaitema, akaniita Kogo, bibi, kama mjukuu wangu. "Kogo, niuzie yakiwa hapo hapo shambani, usipate taabu ya kuanika." Nikamwambia taabu ni yangu na mahindi ni yangu. Mwaka jana tuliuza mapema kwa woga wa Kipngetich, halafu Februari wale waliongoja wakaezeka nyumba mabati mapya. Mwaka huu mimi ndiye nitakayengoja. Nitajaza stoo, chumba cha ndani na kile cha mbele chenye kitanda na dirisha, alikokuwa analala mzee wangu wakati wa mavuno. Kitanda nitakisimamisha ukutani.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo naandika mengi maana nimekasirika.

Nilikuwa nimetoka kanisani, hata kitambaa sijafungua kichwani, simu ikalia. Wanjala, baba yake Edinah. Huyu mzee hapigi simu. Akipiga kuna kitu.

"Mama Kipngetich, habali ya huko?"

"Ni nzuri, baba Edinah."

"Nasikia mahindi imekubari sana huko kwenu."

Nikajiuliza, amesikia kwa nani?

"Mama, nina neno. Najua ni aibu mimi kusema. Kwetu mzee haongei kitu kama hii na wakwe. Lakini shida imenishika. Naomba mahari."

"Mahari?"

"Ndiyo, Mama. Mahari. Hata ndogo tu, mimi sichagui. Na tafadhari, usimwambie Edinah kwanza."

Nikamwambia tutaona baada ya mavuno. Akasema, "Baada ya mavuno ni mbari, Mama." Nikasema mkutano wa kina mama unaningoja, nikakata. Hakuna mkutano.

Sasa niandike vile ilivyo, mtu asije akabisha. Kipngetich alipomleta Edinah tulikwenda Bumula, tukakaa na wazee wao, tukakubaliana ng'ombe wanne. Hatujatoa. Si kwamba hatutaki. Mwaka wa kwanza mzee wangu alikufa. Wa pili mahindi yaliungua na jua. Baadaye ng'ombe walikuwa na mimba, na nani anatoa ng'ombe mwenye mimba? Kila mwaka nimesema mwaka ujao, na sijasema hapana hata siku moja. Wanjala mwenyewe hajawahi kuuliza. Mpaka leo, mahindi yakiwa yamelala shambani na kila mtu anayaona kutoka barabarani.

Ng'ombe wangu ni hao wanne. Hasa ni Meneja. Nilimwita Meneja kwa sababu hatembei nyuma ya mtu. Maziwa yake ndiyo yaliyonisimamisha nilipobaki mjane na shemeji zangu wakaanza kupima shamba kwa macho. Eti nimpeleke Bumula akafungwe kwenye kiplot kidogo ale majani ya migomba.

Na ati usimwambie Edinah. Mtu anayeomba haki yake anaficha nini? Labda huyo Edinah ndiye anayempelekea habari za shamba langu.

Jumanne, 15 Oktoba

Ng'ombe wamekwenda Kachibora kwa ndugu yangu Kimaiyo. Anayedai mali akija hapa aangalie kamba tupu.

Edinah aliwaona wakipanda lori. "Mama, wanaenda wapi?"

"Kupe wamezidi hapa."

"Kupe? Si tuliwaosha juzi?"

"Wewe ni daktari wa ng'ombe?"

Akarudi jikoni. Jirani yangu Gladwell nimemwambia nimeuza. Kipngetich yuko na trekta na mashine yake ya kupura, anazunguka mashamba ya watu, hajui. Jioni Jepkorir, mtoto wao, akaja na kikombe chake kama kawaida. "Kogo, maziwa?" Nimemtuma kwa Gladwell akanunue.

Ijumaa, 18 Oktoba

Maziwa ya Gladwell yana maji. Nimemwambia. Amenuna.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekuja.

Nilikuwa peke yangu. Edinah nilimtuma Kitale kununua magunia, Jepkorir alifuatana naye. Mbwa akabweka, nikatoka, nikamwona Wanjala amesimama nje ya geti ameshika fimbo. Amekonda. Mguu wa kushoto ameufunga kitambaa na juu yake mfuko wa plastiki. Nikajiambia, mzee amejipamba kabisa, amekuja na mguu wa kuombea.

Sikufungua geti. Tukasalimiana kwa vile vyuma.

"Mama, nimepita tu. Ni ire maneno yetu."

"Maneno gani?"

Akaangalia chini. Mzee mzima anaangalia chini kama mvulana aliyevunja dirisha. "Mahari, Mama."

"Baba Edinah, nitakuambia ukweli. Hapa hakuna mahari. Angalia mwenyewe." Nikamwonyesha zizi. Akalitazama zizi muda mrefu kama mtu asiyeelewa anaonyeshwa nini.

Halafu akainua ile fimbo kidogo, akaelekeza upande wa stoo. "Hata kwa stoo, Mama?"

Damu ikanipanda. Amekosa ng'ombe, sasa anahamia mahindi! Nikamwambia, "Stoo ni ya mahindi. Si ya wakwe."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ni sawa. Mungu akubaliki." Akageuka. Anatembea vibaya, anaukanyaga ule mguu kwa kisigino tu. Nilimwangalia mpaka kwenye kona, na nilingoja adhani simwoni tena, aanze kutembea sawasawa. Kona ilimmeza bado anachechemea.

Edinah hajaambiwa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Simu ya Wanjala imelia mara mbili. Sikushika.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumevunja mahindi wiki nzima. Mikono ya Edinah imechanika, anaipaka mafuta ya kupikia. Kipngetich alileta mashine usiku wa jana, leo ameipeleka kwa watu, hata chai hakumaliza, sembuse kuangalia zizi. Tumepura ya kwetu. Turubai zote zimefunikwa na mahindi, uwanja mzima ni mweupe. Nimeketi pembeni na fimbo ya kufukuza kuku. Nimefurahi, kwa nini nidanganye.

Lakini nikikaa pale ninawaza kila anayepita barabarani anahesabu.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Mwezi huu! Ilitoka upande wa Mlima Elgon bila hata ngurumo. Tulikimbia mimi na Edinah na Gladwell, tukikunja turubai, tukisukuma mahindi kwa mabeseni. Gladwell ananichukia kwa maneno ya maziwa lakini alikuja. Edinah aliteleza akaanguka na beseni, akaamka akakusanya punje kwenye matope kwa vidole.

Nikampigia kelele kwamba amemwaga. Ni kelele tu za mvua. Aliendelea kuokota.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tena. Magunia yamejaa stoo, vyumba vyote viwili, na mengine yako sebuleni. Tunakula tumekaa juu ya mahindi. Mchungaji alikuja, akakosa kiti.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilikuwa nimeona siku kadhaa. Unga unaisha mbio, na Edinah ana safari za Kitale zisizo na mzigo wa kurudi nao. Leo nilimvizia. Alitoka jikoni na kikapu, juu ameweka sukuma wiki, chini mkebe wa gorogoro uliojaa unga, na mayai yangu.

Nikamwita mbele ya vibarua. Ningeweza kumwita ndani. Nilimwita mbele ya vibarua.

"Edinah, unauza vitu vyangu kwa nani?"

"Siuzi, Mama."

"Basi unga unatembea wenyewe?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani anakula mayai yangu bila mimi kumjua?"

Akaweka kikapu chini. Akajifuta mikono kwa leso, polepole, ule mkono na huu. "Ni baba. Ako Tuwan, karibu na hospitali ya Kitale, tangu mwezi jana. Ana kidonda cha sukari kwa mguu, daktari alisema kifungwe upya kila siku. Kutoka Bumula hawezi kuja kila siku. Amekodisha chumba kule chini, maji inaingia. Mimi nimejua juzi juzi tu, mtu wa kwetu aliniambia."

Nami nikajua ule mguu ulikuwa mguu kweli.

Hapa ningeandika nilisema pole. Sikusema. Kitu kilichonijia kwanza, na Mungu ananiona, ni kwamba kwao mwanamume akifa akidai mahari ya binti yake, jamaa zake hawakubali azikwe kabla ng'ombe hawajatolewa. Niliwaza, huyu mzee amekuja kufia karibu na ng'ombe wangu.

Nikamwambia Edinah, "Ungeniomba. Mwizi ndiye hufunika na sukuma."

Akaniangalia. Miaka saba hajawahi kuniangalia hivyo. Akachukua kikapu, akatoa sukuma zangu, akaziweka juu ya jiwe. Mayai na unga akaenda navyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Ameondoka na Jepkorir. Ati atakaa na baba yake mpaka apone. Ameosha vyombo vyote kabla ya kwenda.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Nyumba ni panya na mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Gladwell anasema bei inateremka, kila mtu Trans-Nzoia ana mahindi yaliyonyeshewa na anataka kuyatoa. Nimemwambia bei itapanda Januari. Alipoenda niliingiza mkono ndani ya gunia la chumba cha ndani mpaka kwenye kiwiko. Kuna joto. Kama tumbo la mtoto mwenye homa. Nimeingiza kwenye lingine, joto. Nimelifunga nikakaa juu yake.

Ninaweza kumwita Kiptum kesho auziwe yaliyo mazuri. Lakini atajua nimeshikwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Sikumwita.

Jumatatu, 25 Novemba

Kimaiyo amepiga simu alfajiri. Nilipoona jina lake nikajua.

Meneja amekufa.

Ndigana, homa ya kupe. Kimaiyo haoshi ng'ombe, anasema wa kwake wamezoea kupe wa huko. Wa kwangu hajazoea, amekulia hapa anaoshwa kila wiki na Edinah. Alivimba tezi, akakataa majani, na ndugu yangu akangoja siku tatu kumwita daktari wa ng'ombe kwa sababu, anasema, "Nilidhani anakutamani tu, dada."

Nilimwambia Edinah ng'ombe wanakimbia kupe. Nimewapeleka kwa kupe.

Nimechukua ile ndoo ya kukamulia nikaiosha. Iko safi, haijatumika tangu waende, lakini niliiosha.

Jumatano, 27 Novemba

Kipngetich amerudi. Amefika bila trekta, kwa miguu, nikajua mambo yamemfikia.

"Mama, ng'ombe wako wapi?"

"Kwa Kimaiyo."

"Wote?"

"Watatu."

Akakaa juu ya gunia. "Nimetoka Tuwan. Edinah ameniambia vile ulimwita mwizi mbele ya watu. Mzee amekatwa mguu juzi. Hapa." Akajishika chini ya goti. "Daktari amesema kidonda kilikuwa kinaloa kila siku. Ile chumba, Mama, hata nguruwe haiwezi kukubali."

Nikamwambia si mimi niliyemwambia augue sukari.

"Si hiyo. Mimi nauliza ng'ombe wangu wa kuolea wamefichiwa nani. Watu wa soko wanajua, Gladwell anajua, mimi nasikia kwa broka! Kiptum ndiye ananiambia, ati 'Pole, nasikia mama yako anakimbiza ng'ombe usiku na mchana.'"

"Usininyooshee kidole."

"Sijanyoosha." Na kweli alikuwa ameweka mikono yote miwili magotini. "Nimechoka tu. Kila mwaka unasema tutapoteza. Sasa hesabu tumebaki na nini."

Hajawahi kuniongelea hivyo. Nilitaka kumpiga. Nilimpikia ugali, akakataa, akalala na njaa juu ya mahindi.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilisema ni goti.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekwenda Tuwan.

Sikwenda kwa huruma, nisije nikajisifu hapa. Nilikwenda kwa sababu sipendi kudaiwa na mtu aliyelala. Niliwaza, nitamwambia ng'ombe watatu watakuja na wa nne nitamnunua, halafu asiwe na neno juu yangu. Nilivaa lile vazi la kanisani.

Mwenye nyumba ni mama mmoja anaitwa Waruguru, anauza makaa mlangoni. "Unamtafuta mzee wa mguu? Pita hapo, ruka maji." Kweli kuna maji. Wameweka matofali ya kukanyagia mpaka kitandani. Edinah alikuwa anakanda unga kwenye beseni, Jepkorir amelala kwenye kona juu ya viti viwili. Wanjala amekaa kitandani na blanketi. Pale mguu ulipokuwa, blanketi limelala chini.

Jepkorir hakuja kwangu. Alijifanya amelala, namjua.

"Mama Kipngetich," Wanjala akasema, "kalibu. Kiti hakuna, kaa hapa kwa kitanda."

Nilikaa. Kitu nilichokuwa nimekipanga njia nzima nikakisema mbio. "Nimekuja kwa yale maneno uliyoniambia kwa simu, na pale kwa geti. Ng'ombe watakuja. Watatu wako, mmoja amekufa, nitamlipa."

"Ng'ombe gani, Mama?"

"Wa mahari."

Edinah akaacha kukanda. Wanjala akanitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. Halafu akaanza kucheka. Si kicheko cha dharau. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika paja kwa uchungu, na machozi yanateremka.

"Mama," akasema, "mimi sikusema mahari. Nirisema mahari."

Nikadhani homa imempanda kichwani. "Si ndiyo ninasema?"

"Hapana. Mahari, Mama. Mahari!"

Edinah akasimama, mikono imejaa unga. Alikuwa hajui. Niliona usoni, yeye pia ndiyo anasikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yake alifika kwenye geti langu. Mzee hakumwambia, asimgombanishe na nyumba yake. Edinah akasema polepole, akaweka ile l mahali pake vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha kwa kumcheka miaka saba:

"Mahali, Mama. Baba alikuomba mahali. Mahali pa kulala."

Akakipiga kitanda kwa kiganja, unga ukabaki pale. "Kama hii."

Hata ndogo tu. Mimi sichagui. Hata kwa stoo.

Sikumbuki nilivyotoka. Najua nilikanyaga maji badala ya matofali, maana viatu vya kanisani bado vimelowa.

Alhamisi, 5 Desemba

Mahali. Mahari. Nimeyasema jikoni kwa sauti. Kuku wameniangalia.

Angesema "chumba" au "pa kulala", si ningeelewa? Mtu mzima anaomba chumba kama anaomba siri! Nimemlaumu asubuhi nzima. Mchana nimekumbuka kwamba yeye alitembea kutoka barabarani na kidonda kuja kunieleza uso kwa uso, na mimi nikamwonyesha zizi.

Jumapili, 8 Desemba

Kiptum amekuja na lori. Nimemwambia achukue magunia ya chumba cha mbele na ya sebuleni kwa bei anayotaka. Alishangaa, akaanza kujieleza kwamba soko ni baya. Nikamwambia abebe asiniongeleshe. Ya chumba cha ndani nimefungua mbele yake. Mengi yameshika ukungu, ya kijani. Aliniambia kuna mtu wa vyakula vya kuku anachukua hayo bila kuuliza. Nikamwambia na watu watakaokula hao kuku watamuuliza nani? Tumeyachimbia shimo mimi na Kipngetich. Yaliyopona tumeyarudisha chumba cha ndani.

Chumba cha mbele nimekifagia, nimekipaka chokaa, nimekishusha kitanda. Blanketi nimetoa la kwangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Kipngetich alikwenda Tuwan kumchukua Wanjala. Amerudi peke yake. Mzee amemwambia, "Mwambie mama asante. Lakini kulala kwa boma ya binti yangu, na hakuna ng'ombe imetoka kwenu, ni aibu kwetu. Ile aibu niliimeza mara moja. Ya pili haiwezi kuteremka." Wameondoka kwenda Bumula, na Edinah na mtoto.

Kitanda kimetandikwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu, watu wana bendera. Sisi tumepeleka ng'ombe Bumula.

Niliwafuata Kachibora mwenyewe jana. Kimaiyo alijaribu kuniomba malipo kwa kazi ya kuwalisha, nikamwambia ningemjibu lakini kesho ni sikukuu.

Mama Edinah, Peris, alitupokea. Mwanamke mfupi, sauti kama ya mwalimu. Wazee wao walikuja, wakazunguka ng'ombe, wakaangalia meno. Mmoja akauliza, "Tuliambiwa wanne. Mwingine iko wapi?"

Kipngetich alianza kusema ni ugonjwa. Nikamnyamazisha. Nikasema, "Nilimficha msimpate, akafia huko."

Kuku akapita katikati yetu. Halafu Wanjala, ameketi kwenye kiti cha plastiki na magongo kando, akasema, "Basi huyo tumekura wote hasara." Wakacheka, hata yule aliyeuliza. Mimi sikucheka.

Peris akaleta ugali wa mtama na kuku. Wakati wa kunawa alinimiminia maji kwa mikono, akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "Yeye hakukasirika. Mimi nilikasirika. Bado." Nikamwambia nimesikia.

Edinah hakurudi na sisi. Tulipopanda gari Jepkorir alinipungia mkono, mmoja tu, mara moja.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua ya ajabu mchana kutwa. Bati la chumba cha ndani limetoboka, maji yanaingia juu ya magunia yaliyobaki. Kipngetich amekuja mbio amebeba gunia begani.

"Mama, fungua hapa mbele, tuyaweke humu."

"Hapana."

"Mama, mahindi inanyeshewa! Na hii nyumba ni tupu!"

"Si tupu. Ni mahali pa mtu."

Akasimama pale na gunia lake, maji yanamtiririka puani, ananiangalia kama nimeshikwa na wazimu. Labda. Tumeyapeleka chumbani kwangu. Mengine yamelowa na yataharibika, na ninajua vizuri ni hasara. Roho inaniuma, sitadanganya. Nimelala juu ya yaliyobaki na nimesikiliza kila tone.

Jumapili, 22 Desemba

Edinah amepiga simu. Anasema kidonda kimefunga vizuri. Januari baba yake anatakiwa Kitale tena, kupimwa mguu wa kutengenezwa, na kufundishwa kuutembelea siku nyingi. Nikasikia mzee anaongea nyuma yake, na Edinah akasema, "Ngoja, aseme mwenyewe."

"Mama Kipngetich, habali. Nilikuwa nauliza. Ire mahari bado iko?"

Sikumuuliza ni ipi. Nilimwambia, "Iko, baba Edinah. Imekaa bure tangu tarehe nane, na mahindi yangu yanaoza kwa sababu yake. Njoo haraka."